Kifuniko Kinachofunguka Chenyewe: Somo la Springi Kutoka Meza za Mafundi wa Kariakoo

Watu wengi wakiitazama simu ya mkononi au redio kaseti huiona kuwa ni chombo cha umeme tu. Hufikiria betri, saketi, spika na mawimbi ya hewani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ndani ya chombo hichohicho mna mtambo mdogo usiotumia umeme hata chembe, nao ndio unaofungua na kukifunga kifuniko chake. Mtambo huo ni springi, bawaba na vipande vichache vya chuma au plastiki. Kwa kuwa ndio unaosogea mara nyingi kila siku, aghalabu ndio unaotangulia kuharibika, hata kama saketi zote zingali nzima.

Katika makala haya tutauchunguza mtambo huo: jinsi unavyohifadhi nishati, jinsi unavyoitoa, kwa nini hukata tamaa kabla ya wakati wake, na namna mwalimu wa fizikia anavyoweza kuutumia darasani hata pale ambapo shule haina maabara. Mifano yetu tutaichukua mahali panapojulikana na Watanzania wengi, yaani Kariakoo.

Kariakoo kama maabara

Jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye eneo hilo likawa kitovu cha biashara cha Dar es Salaam, na soko lake kuu likajengwa katika miaka ya 1970 kwa michoro ya msanifu Mtanzania, Beda Amuli. Vyombo vya umeme vya kubebeka vimepita hapo kwa makundi, kila kundi na zama zake.

Kundi la kwanza lilikuwa la redio kaseti. Kaseti ndogo ya mkanda ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa Walkman, chombo cha kusikilizia kaseti huku mtu akitembea. Hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa hizo zilikuwa adimu. Lakini mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, redio kaseti zikaonekana kwa wingi madukani. Kila moja ilikuwa na mlango wa kutilia kaseti, na kila mlango ulikuwa na springi.

Kundi la pili ni la simu za mkononi, ambazo huduma yake ilianza nchini katikati ya miaka ya 1990. Simu ya StarTAC ya Motorola iliyotoka mwaka 1996 ilifungwa na kufunguliwa kama kombe la chaza. Nokia 7110 ya mwaka 1999 ilikuwa na kifuniko kilichoteleza chini chenyewe mtumiaji alipobonyeza kitufe. Motorola V70 ya mwaka 2002 ilikuwa na kifuniko kilichozunguka kwa ubavu juu ya mhimili mmoja, mfano wa jiwe la juu la kusagia nafaka. Kisha ikaja RAZR V3 ya mwaka 2004, iliyokuwa nyembamba kupita zilizoitangulia, na ambayo iliigwa sana.

Kundi la tatu ni la simu ambazo kioo chenyewe hukunjwa, zilizoanza kuuzwa duniani kwa wingi tangu mwaka 2019. Kwa hiyo bawaba, iliyoonekana kusahauliwa wakati simu za kioo kimoja bapa zilipotawala, imerudi tena ikiwa na kazi ngumu zaidi.

Mafundi walioketi kwenye meza ndogo za vioo katika mitaa ya Kariakoo wamezifungua aina hizo zote kwa bisibisi. Meza ya fundi ni maabara. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika kanuni zinazofanya kazi pale.

Springi ni ghala la nishati

Springi ni kipande cha metali kilichotengenezwa ili kipinde, kivutwe au kigandamizwe, kisha kirudi katika umbo lake la kwanza. Wazee wetu waliozoea saa za kutia ufunguo waliijua kwa jina la kamani: utepe wa chuma uliosokotwa, ambao mtu akiujaza kwa vidole asubuhi, uliendesha saa mchana kutwa na usiku kucha. Jambo la kuzingatia ni kwamba springi haizalishi nishati. Hutunza ile iliyotiwa na mkono wa mtu, kisha huirudisha.

Mwaka 1678 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni inayotawala jambo hili. Kwa maneno mepesi, kadiri kani inavyoongezeka, ndivyo springi inavyorefuka au kufupika kwa uwiano uleule. Kani ikizidishwa mara mbili, urefu unaoongezeka nao huzidi mara mbili. Kanuni hii huandikwa hivi:

F = kx

Hapa F ni kani kwa nyutoni, x ni badiliko la urefu kwa mita, na k ni ugumu wa springi, yaani nyutoni ngapi zahitajika kuibadilisha kwa mita moja. Nishati inayotunzwa ni:

E = ½kx²

Kanuni hii ina mpaka wake. Springi ikivutwa kupita kiasi fulani, hairudi tena ilikotoka. Kiasi hicho huitwa kikomo cha unyumbufu. Kila springi iliyolegea katika simu kuukuu imewahi kuvuka kikomo hicho, au imechoka kwa njia nyingine tutakayoieleza hapo mbele.

Springi za vifuniko si zote za kuvutwa. Nyingi ni za kusokotwa: waya uliozungushwa mara kadhaa, wenye mikono miwili iliyochomoza. Mwanafunzi anazijua tayari. Ndizo zilizo ndani ya kibanio cha nguo na katika mtego wa panya. Kwa springi ya aina hii, badala ya kani twasema nguvu ya kuzungusha, au momenti, na badala ya urefu twasema pembe. Lakini kanuni ni ileile. Pembe ikizidi mara mbili, momenti huzidi mara mbili.

Namna tatu za kukizungusha kifuniko

Namna ya kwanza ni ile ya mlango wa kaseti. Springi ya kusokotwa hukaa kwenye mhimili wa mlango na wakati wote husukuma mlango ufunguke. Ndoano ndogo huuzuia. Mtu anapoufunga mlango kwa kidole, huisokota springi na kuijaza nishati. Ndoano ikinasa, nishati hubaki imefungiwa humo hata miezi sita. Kitufe kinapobonyezwa, kazi yake ni kuiondoa ndoano tu. Nguvu ya kufungua ilikwisha kutolewa siku ile mlango ulipofungwa.

Namna ya pili ni ya simu nyingi za kukunja, nayo ni ya werevu zaidi. Ndani ya bomba dogo la bawaba mna vipande viwili vinavyokabiliana nyuso. Uso wa kimoja una kilima, na uso wa kingine una bonde. Kipande kimoja hushikamana na kifuniko na kuzunguka pamoja nacho. Kingine hakizunguki, bali huweza kuteleza mbele na nyuma ndani ya bomba. Springi ya kugandamizwa hukisukuma hiki cha pili daima kuelekea kile cha kwanza.

Simu ikiwa imefungwa, kilima kimetulia ndani ya bonde. Mtu anapoanza kuifungua, kilima hulazimika kupanda mteremko, na springi hugandamizwa. Kidole ndicho kinachofanya kazi. Kilima kikifika kileleni, kifuniko kiko njia panda: kikisukumwa kidogo huku kitajifunga, kikisukumwa kidogo kule kitajifungua. Wanafizikia huiita hali hii msawazo usio thabiti, kama mpira uliowekwa juu ya kichuguu. Kikipita kilele tu, springi hukisukuma kipande kiteremke upande wa pili, na kifuniko huruka chenyewe hadi mwisho na kutoa ule mlio wa “tak” ambao wengi waliupenda. Kwa hiyo springi moja hufanya kazi mbili zinazopingana: huifunga simu isifunguke mfukoni, na huifungua isijifunge sikioni.

Namna ya tatu ni bawaba ya msuguano, itumikayo katika kompyuta za kupakata. Hii haikusudiwi iruke. Vipande vyake hubanwa kwa nguvu hata msuguano uweze kuubeba uzito wa kioo, kioo kikasimama popote mtu alipokiacha. Hapa msuguano, ambao mara nyingi tunafundishwa kuwa ni adui wa mashine, ndio unaotafutwa.

Mfano wa hesabu

Tuchukue simu inayofunguliwa kwa kitufe. Vipimo vifuatavyo tumevichagua ili hesabu iwe rahisi. Springi yake ina ugumu wa nyutoni 10 kwa kila milimita, yaani 10,000 kwa mita. Kifuniko kikiwa wazi, springi imegandamizwa milimita 2. Kikiwa kimefungwa, milimita 3.

Nishati ikiwa imefungwa: ½ × 10,000 × (0.003)² = juli 0.045
Nishati ikiwa wazi: ½ × 10,000 × (0.002)² = juli 0.020
Tofauti, yaani nishati inayotolewa: juli 0.025

Sasa tukione kifuniko. Tuseme tungamo lake ni gramu 30, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 4 kutoka kwenye bawaba. Simu ikiwa imelala mezani na kifuniko kikiinuka mpaka kusimama wima, kitovu hicho hupanda sentimita 4. Tukichukua mvutano wa dunia kuwa nyutoni 10 kwa kilo:

Nishati inayohitajika: 0.03 × 10 × 0.04 = juli 0.012

Springi inatoa zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika. Mwanafunzi aweza kuuliza, ziada hiyo ni ya nini? Ni ya kulipia msuguano. Simu ikiwa mpya, tuseme msuguano unachukua sehemu moja katika tano. Zabaki juli 0.020, na kifuniko hufunguka bila taabu. Lakini simu ikikaa miaka miwili katika mfuko wa mchuuzi, vumbi na mchanga vikajaa ndani ya bawaba, msuguano waweza kuchukua sehemu tatu katika tano. Hapo zabaki juli 0.010, ambazo ni pungufu ya zile 0.012. Kifuniko hakifiki. Mwenye simu husema springi imekufa, kumbe springi ni nzima kabisa. Kinachohitajika ni kusafisha. Fundi aliyeielewa hesabu hii atajaribu brashi kabla ya kutafuta spea, na mteja atarudi nyumbani na fedha zake.

Grisi si uchafu

Mlango wa redio kaseti iliyokuwa nzuri haukufunguka kwa kishindo. Ulishuka polepole, kwa heshima. Siri yake ilikuwa gia ndogo ya plastiki iliyozunguka ndani ya kikombe kilichojazwa grisi nzito ya silikoni. Mlango ulipofunguka, meno yake yaliizungusha gia hiyo, na grisi ikapinga.

Upinzani wa grisi una tabia tofauti na msuguano wa vitu vikavu. Kadiri gia inavyozunguka kwa kasi, ndivyo grisi inavyopinga zaidi. Mlango ukitaka kuruka, huzuiliwa sana. Ukienda taratibu, huachwa upite. Tabia hii ya ugiligili kupinga mwendo huitwa mnato. Ukitaka kuiona, koroga maji kwa kijiko, kisha koroga asali.

Hapa pana kosa linalotokea mara kwa mara. Fundi mgeni huikuta grisi ile imeshika vumbi, akaidhania kuwa ni uchafu, akaiosha kwa petroli. Redio ikirudi, mlango hupiga kwa kishindo kila unapofunguliwa, na baada ya muda ndoano au meno ya plastiki hukatika. Wapo pia wanaotia mafuta ya cherehani katika bawaba ya kompyuta wakidhani wanailainisha. Kioo huanza kuanguka, kwa kuwa wameuondoa msuguano uliokuwa ukikibeba. Kabla ya kutia au kuondoa kilainishi, fundi hana budi kujiuliza: hapa mwendo unatakiwa uwe huru, uwe wa polepole, au usiwepo?

Kwa nini mtambo hufa

Ziko sababu nne kubwa, nazo zote zinaonekana katika meza za Kariakoo.

Ya kwanza ni kutu. Dar es Salaam imo pwani, na hewa yake ina unyevu na chumvi. Jasho la mkono lina chumvi pia. Waya wa springi ni mwembamba, na kutu ikila hata sehemu ya kumi ya unene wake, nguvu yake hupungua kupita sehemu ya kumi, maana ugumu wa springi hutegemea unene wa waya kwa kipeo cha nne. Waya uliobakiwa na sehemu tisa za unene wake katika kumi una ugumu wa 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani kama 0.66 tu ya ule wa mwanzo. Theluthi moja imekwenda.

Ya pili ni mchanga, ambao tumekwisha kuueleza. Tuongeze tu kwamba hata makampuni makubwa hayakuepuka. Mwaka 2019 Samsung ililazimika kuahirisha uuzaji wa simu yake ya kwanza ya kioo cha kukunjwa, Galaxy Fold, baada ya baadhi ya simu za majaribio kuharibika. Miongoni mwa sababu ilikuwa chembe za uchafu zilizopenya kwenye nafasi za bawaba. Nafasi hizo zilizibwa kabla ya simu kuuzwa mwezi Septemba mwaka huohuo.

Ya tatu ni uchovu wa metali. Katika miaka ya 1850 na 1860 Mjerumani August Wöhler alichunguza kwa nini ekseli za mabehewa ya treni zilivunjika chini ya mizigo ambayo zingeweza kuibeba bila shida kama ingekuwa ya mara moja. Akaona kwamba mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi sana huizaa ufa mdogo, na ufa huo hukua hadi chuma kikatike. Kila chuma kina hesabu yake. Ndiyo maana watengenezaji hupima bawaba kwa idadi ya mikunjo. Kwa mfano, Samsung ilitangaza kwamba simu zake za kukunjwa zimepimwa kwa mikunjo 200,000. Mtu anayeikunja simu mara 100 kwa siku atafikisha mikunjo 182,500 kwa miaka mitano.

Uchovu hauishii kwenye springi. Katika simu ya kukunja, umeme hupita kutoka mwili hadi kifuniko kwa utepe mwembamba wa plastiki wenye nyuzi za shaba, ambao mafundi huuita fleksi. Kila simu inapofunguliwa, utepe huo hupindwa. Kiasi uso wake unavyovutika chaweza kukadiriwa kwa kuugawa unene wa utepe kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha pindo. Utepe wa milimita 0.1 ukipindwa kwa nusu kipenyo cha milimita 2.5 huvutika usoni kwa 0.1 ÷ 5, yaani asilimia 2. Pindo likipanuliwa mara mbili, mvutiko hushuka hadi asilimia 1, na umri wa utepe huongezeka sana. Kwa sababu hiyo wahandisi huuzungusha utepe ndani ya bawaba kama msokoto wa mkeka, ili pindo lisiangukie mahali pamoja. Fundi anayeurudisha utepe mpya bila kuuzungusha namna ile ameifupisha kazi yake mwenyewe. Kioo kitazimika tena baada ya muda mfupi, na lawama itaiangukia spea.

Ya nne ni moto. Springi iliyopinda vibaya humshawishi mtu aipashe kwa kiberiti cha gesi ili ainyooshe. Atafanikiwa kuinyoosha, lakini haitakuwa springi tena. Unyumbufu wa waya hutokana na jinsi ulivyoandaliwa kiwandani, kwa kuvutwa ukiwa baridi au kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukipashwa upya hadi kuwa mwekundu na kuachwa upoe, chuma hurudi kuwa laini. Kikipindwa hubaki kimepinda.

Majaribio kwa darasa

Majaribio haya yahitaji vifaa vya bei ndogo. Mwalimu awatahadharishe wanafunzi kwamba springi iliyojaa ni kama upinde uliovutwa: ikichomoka hurukia jicho. Asiwepo mwanafunzi anayefungua bawaba ya simu akiwa ameinamisha uso juu yake, na betri iondolewe kwanza.

Jaribio la 1: Kanuni ya Hooke. Chukua springi ya kalamu ya kubonyeza. Itundike kwenye msumari, na chini yake ning'iniza chupa tupu ya plastiki kwa uzi. Weka rula wima pembeni. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia maji mililita 50 kwa kila hatua. Kila mililita 50 ni gramu 50, ambazo uzito wake ni takriban nyutoni 0.5. Andika urefu wa springi katika kila hatua, kisha chora grafu ya kani dhidi ya urefu ulioongezeka. Maadamu nukta zimekaa katika mstari mnyofu, kanuni inatii. Mtelemko wa grafu ndio ugumu wa springi. Mwisho, ivute kwa mkono mpaka ikatae kurudi; wanafunzi wameona kikomo cha unyumbufu.

Jaribio la 2: Uchovu. Kila kundi lipewe vibanio vya waya vya karatasi vya aina moja. Kibanio kinyooshwe, kikunjwe nyuzi 90 na kurudishwa, huku mtu akihesabu mpaka kikatike. Kingine kikunjwe nyuzi 45 tu. Kila pembe ijaribiwe mara tano na wastani utafutwe. Wanafunzi wataona kwamba kuipunguza pembe kwa nusu hakuongezi umri mara mbili tu, bali zaidi. Pia wataona majibu yanatofautiana kutoka kibanio hadi kibanio. Tofauti hiyo si kosa la jaribio. Ni tabia ya uchovu wenyewe, na ndiyo sababu watengenezaji hupima vingi, si kimoja.

Jaribio la 3: Kilima na bonde. Tafuta simu mbovu ya kukunja. Tangu Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozizima simu bandia, zimekuwapo simu zisizoweza kupiga wala kupokea, lakini bawaba zake zingali zafundisha. Fungua kifuniko polepole na upime kwa kipimapembe ni pembe ipi kinapoanza kujiendea chenyewe. Fanya hivyo wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. Kama pembe mbili hizo hazilingani, jadilini msuguano unaingiaje katika tofauti hiyo.

Hitimisho

Katika hesabu tuliyoifanya, tofauti kati ya simu inayofunguka na ile iliyotangazwa kufa ilikuwa juli 0.010, yaani kazi ndogo kuliko ya kuokota punje ishirini za mahindi sakafuni hadi mezani. Kwa kutoijua tofauti hiyo, chombo kizima chenye shaba, risasi na plastiki hutupwa jalalani, na familia hununua kingine. Kwa kuijua, fundi mmoja huokoa vyombo vingi kwa mwaka.

Vijana wengi wanaoketi kwenye meza za Kariakoo walipita madarasani, wakakariri kanuni ya Hooke kwa ajili ya mtihani, wakaiacha huko. Wengine wana mikono yenye ujuzi mkubwa, lakini hawakupata mtu wa kuwaeleza kwamba wanachokifanya kina jina na hesabu. Mwalimu anayeileta bawaba darasani anawatumikia wote wawili.

Maswali ya zoezi

1. Springi inarefuka milimita 4 kwa kani ya nyutoni 0.5. Itarefuka kiasi gani kwa nyutoni 1.25, ikiwa kikomo cha unyumbufu hakijavukwa?
2. Kifuniko cha mfano wetu kimebandikwa pambo zito, tungamo lote likawa gramu 60, na kitovu cha uzito hakikubadilika. Je, juli 0.020 zatosha kukisimamisha wima?
3. Bawaba iliyopimwa kwa mikunjo 200,000 itamfaa kwa miaka mingapi mtu anayeifungua mara 50 kwa siku?
4. Eleza kwa nini mlango wa redio kaseti uliooshwa kwa petroli hupiga kwa kishindo.

Majibu: (1) Milimita 10. (2) Hazitoshi, zahitajika juli 0.024. (3) Karibu miaka 11. (4) Petroli imeondoa grisi yenye mnato, ambayo upinzani wake huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Nishati yote ya springi sasa hugeuka mwendo.